Sura Aliyoikataa Shangazi

Chumba cha juu,
Nyuma ya duka la rangi,
Mtaa ule ule.

Jumapili, 14 Machi.

Mpendwa binamu yangu Mrefu,

Salamu zangu zikukute umekaa, maana ukisimama hazitakufikia. U hali gani? Mgongo je, ule uliokuwa ukikusumbua kwa kuinamia nyaya za umeme za watu, umepoa? Wifi yangu hajambo? Na watoto? Niliiona picha ya binti yako mkubwa. Ameshayapita mabega yako! Huo urefu wenu utakuja kuwamaliza watu paa za nyumba.

Huku tu wazima, nashukuru. Wazima wa mwili, nasema. Kuhusu akili, akili yangu mimi, ndiyo sababu ya barua hii.

Utashangaa kuletewa karatasi wakati simu ipo. Simu niliijaribu. Nilikupigia wiki iliyopita, tukaongea habari za joto la kwetu na baridi ya kwenu, nikaaga bila kusema nililopigia. Kuna mambo hayasemeki huku mtu anauliza, "Unanisikia? Sasa je, unanisikia?"

Kwanza mama yako, maana najua jicho lako limeshakimbilia huko. Hajambo kabisa. Presha imeshuka. Mtoto wa jicho ndiye bado anamsumbua, ila daktari amekubali kumfanyia upasuaji jicho la kulia kwanza, baada ya Pasaka. Bado anakaa kwenye cherehani yake. Uzi hawezi tena kutunga, jirani humtungia asubuhi, lakini akishatungiwa anapinda mapindo kwa kupapasa tu, na yananyooka kuliko yangu mimi mwenye macho. Anasema vidole vina macho yao na hayaoti ukungu.

Sasa habari zenyewe. Niwie radhi nikizianza kombo, kwa kuwa zenyewe zilinijia kombo.

Unaijua kazi yangu: mimi ndiye mwandishi, mimi ndiye mchapishaji, mimi ndiye mpeleka vitabu madukani, na wateja wakiadimika mimi ndiye msomaji. Mwaka jana kile kitabu changu cha kwanza, kile cha jalada la kijani, kiliisha. Humu chumbani ambamo maboksi ya vitabu ni meza, ni kiti na ni ukuta, halikubaki hata boksi moja la kijani. Watu wakawa wanakiulizia. Nikasema nitakitoa upya, lakini nisikichape kama kilivyo. Nikisome kwanza, nipige pasi mikunjo.

Binamu, usiombe kukutana na wewe wa zamani. Niliona aibu hata nikafunga mlango, kana kwamba mpita njia angenikuta nikisoma. Kila mtu alipohuzunika katika kitabu kile mvua ilinyesha, na watu walihuzunika kila ukurasa. Ukikikamua unajaza ndoo. Nikaanza kukata. Nilikata mvua, nilikata machozi, nilimkata kasuku mmoja ambaye mpaka leo sijui aliingia kufanya nini.

Nikampelekea mhariri wangu, yule mwalimu mstaafu tunayemwita Kalamu Nyekundu. Akanirudishia kurasa zimejaa damu. Pembeni ya sura ya tisa alikuwa ameandika: "Pazuri mno. Mwanamke halisi angefanya hivi?"

Sura ya tisa huijui, usinidanganye. Najua uliishia ya tatu na hukutaka kuniumiza. Ngoja nikueleze. Mke, ambaye ni fundi cherehani, anamwambia mumewe, "Leo naondoka mimi." Anaita mkokoteni, anapakia cherehani, anamshika mwanawe mkono, anatoka mchana kweupe mtaa mzima ukimtazama. Mume anabaki kizingitini akiomba, na yeye hageuki.

Kila mtu kwenye ukoo alijua yule fundi nimemtoa kwa nani. Na kila mtu alijua haikuwa hivyo. Hadithi niliyolelewa nayo mimi, aliyonisimulia marehemu baba, ni kwamba baba yako aliaga asubuhi moja, akasema anakwenda kutafuta kazi, mama yako akamwekea uji, akanywa, akaondoka, asirudi tena. Wewe ulikuwa ndio kwanza umeanza shule. Mimi kwa ujana wangu nikaona hadithi hiyo inamdhalilisha shangazi, nikaigeuza. Nikampa yeye mlango.

Basi Kalamu Nyekundu aliponiuliza swali lile, nikaona ana haki. Nikaiandika upya sura ile kama ilivyotokea, au kama nilivyoamini ilivyotokea. Uji, begi dogo, mlango. Bila mvua. Kalamu Nyekundu akaweka alama moja tu ya vema, na yeye alama ya vema huitoa kama anang'olewa jino. Nikafurahi! Nikaona sasa nimekuwa mwandishi.

Jumapili mchana huwa namsomea mama yako. Kitabu cha kijani anakijua kwa moyo. Kuna mahali nikiruka neno hunirudisha. Huko kliniki ya macho manesi humwita Mama Kitabu, kwa sababu kila mgonjwa anayekaa naye kwenye benchi huambiwa kwamba yule mwanamke wa mkokoteni ni yeye. Nilikuwa nacheka. Niliona ni utani wake, kama watu wazima wanavyojitania.

Jumapili ile nikamsomea sura ya tisa mpya. Alikuwa anapinda shuka. Nilipofika kwenye uji, mkono ukasimama.

"Soma tena hapo," akasema.

Nikasoma tena.

"Huyo mwanamke ni nani?"

"Ni yule yule, shangazi. Nimemrekebisha kidogo."

"Umemrekebisha, au umemvua nguo?"

Nikajaribu kueleza habari za ukweli katika hadithi, maneno makubwa makubwa ambayo nikialikwa shuleni kuzungumza na wanafunzi hunitoka vizuri. Mama yako akaikunja ile shuka, akaiweka mapajani.

"Mimi sikuachwa," akasema polepole. "Mimi ndiye niliyeacha. Ulivyoandika mwanzo ndivyo ilivyokuwa. Chai yako iko kwenye chupa. Kunywa, kisha nenda nyumbani."

Ukisikia mtu kutiwa mchanga machoni ndiko huko. Nilitembea kurudi kwangu nikiwa sijui niamini nini. Je, amesahau? Lakini huyu ni mtu anayekumbuka vipimo vya kiuno vya maharusi waliokwisha kuwa mabibi. Je, ananidanganya? Kwa nini, kwa faida ipi? Au kitabu changu ndicho kilichomwingia, kikafuta yaliyokuwamo na kukaa pale? Wazo hilo lilinitisha, Mrefu. Nilijiona kama mtu aliyekwenda kuazima chumvi akarudi amebeba jiko.

Nikaona niulize kwa mwingine. Nikaenda kwa baba mdogo. Huyo mjomba wako ndiye pekee aliyebaki wa rika lao.

"Aliachwa," akasema bila hata kuweka kikombe chini. "Nani asiyejua?"

Mama mdogo akaitika kutoka jikoni: "Aliachwa wapi! Yule alimtimua mwanamume. Alipakia cherehani yake mchana watu wanaona."

"Ulimwona wewe?" baba mdogo akamuuliza.

"Kila mtu aliona!"

Wakaanza kubishana, mkono wa huyu na mwiko wa yule. Nikamuuliza mama mdogo kwa upole habari hiyo aliipata kwa nani. Akanitazama kama anayenionea huruma.

"Si umeandika wewe mwenyewe?"

Hapo ndipo maji yalipozidi unga. Wanasema penye wazee hapaharibiki neno. Mimi naona penye wazee ndipo lilipovunjwa vipande, kila mmoja akaondoka na chake. Nilirudi chumbani, nikaziweka sura mbili za tisa juu ya boksi, ya zamani na mpya, nikazitazama kama mama aliyeletewa pacha wa watu. Mwenye mtambo wa kuchapa akawa ananipigia kila siku kwamba karatasi zimefika, nimpe kazi. Nikawa simpokelei. Nilianza hata kutilia shaka hadithi ya marehemu baba. Yeye mwenyewe alikuwapo? Hakuwapo. Alikuwa safarini, naye aliambiwa.

Wiki ya pili mama yako akaniita. Alimtuma jirani yule anayemtungia uzi: "Shangazi yako anasema uje, na usije na kitabu."

Nikaenda. Alikuwa amekaa kitandani, si kwenye cherehani. Akaniambia nifunge dirisha la barabarani. Sasa, ndugu yangu, kaa vizuri. Haya yanayofuata si ya kwangu, nimetumwa. Nitayaandika kama alivyoyasema, nisitie chumvi, na wewe unajua kutotia chumvi kunanigharimu.

Alisema: "Kaka yangu hakukudanganya. Mume wangu aliondoka kweli, na uji alikunywa. Siku ile niliachwa mimi. Lakini alirudi."

Nikadhani sikusikia.

"Alirudi," akasema tena. "Ulikuwa umepita mwaka. Mwanangu alikuwa shuleni. Nilikuwa nashona, nikasikia hodi. Sauti ya mtu uliyelala naye huisahau? Nilitaka kuinuka. Miguu ikakataa, ikabaki kwenye cherehani. Nikaanza kukanyaga. Cherehani haina kitambaa, haina uzi, mimi nakanyaga tu, kwa nguvu, ili asikie kwamba nipo na kwamba siji. Alipiga hodi mpaka akachoka. Nilipoacha kukanyaga alikuwa ameshaondoka."

Kisha akaendelea kusimulia kwamba baba yako alikuja mara ya pili, mvua za mwaka ule zilipokwisha, tena wakati wa shule. Safari hiyo hakupiga hodi sana. Alisema kwa nje, "Mama fulani, najua umo. Sikuja kwa ajili yako, nimekuja kwa ajili ya mtoto." Mama yako akakanyaga cherehani. Alipofungua mlango baadaye akakuta viatu kizingitini. Viatu vya shule, vya kahawia, vya kamba, vikubwa kidogo kuliko mguu wako. Akakwambia vimeletwa na mjomba wako.

"Akavivaa mpaka vikambana," akasema. "Kila asubuhi namtazama akifunga kamba zile, nasema moyoni, kesho nitamwambia."

Mrefu, najua unachokumbuka hapa. Nami nilikikumbuka pale pale. Ulikuwa sekondari ilipokuja habari ya msiba wa baba yako, na ulivyosimama uani kwetu ukasema mtu asiyerudi kukutazama nawe huendi kumtazama. Wazee walikuomba, ukakataa. Baba yangu alikwenda peke yake. Mama yako alikuwa amekaa mkekani, akikusikia.

Nikamuuliza kwa nini hakusema siku ile. Ukali ulinitoka bila kutaka. Hakukasirika.

"Ningesema nini? Kwamba alirudi nikamfungia? Angepoteza baba na mama siku moja. Nikasema akizikwa, nitasema. Akazikwa, nikasema mwanangu akioa. Kisha wewe ukaja na kitabu chako cha kijani. Mtu anaondoka kwa kichwa juu, mume anaomba mlangoni. Nikasema, loo, huyu mtoto amejuaje? Umeandika uongo ukagonga ukweli. Kwa mara ya kwanza nikapata namna ya kuitamka, hata kama ni nusu. Sasa unataka kuninyang'anya hata hiyo nusu."

Nitakwambia nilivyojisikia: sikujua. Mpaka sasa sijui. Nilitaka kumkumbatia, na nilitaka kuondoka. Na kuna kiroboto mmoja ndani yangu, kiroboto wa kazi hii, akawa ananinong'oneza: itakuwaje kama hii nayo ni sura? Umemwonyesha kwamba hadithi inaweza kurekebishwa, naye amekutungia ya tatu. Niliona haya kuwaza hivyo mbele ya mtu mzima anayefuta macho. Lakini niliwaza.

Basi nikarudi kwa baba mdogo. Sikumweleza kitu. Nilimwuliza tu kama amewahi kumnunulia Mrefu viatu vya shule.

Akacheka mpaka akakohoa. "Mimi? Miaka ile mimi mwenyewe nilikuwa nakwenda kazini kwa ndala. Lakini ngoja. Alikuja kunishukuru, kitoto kile, amevaa viatu vinang'aa, ananishika mkono kama mtu mzima: ahsante mjomba. Nikamtazama mama yake, akanikonyeza. Nikasema, karibu. Nikadhani amevikopa mahali anaona aibu."

Kwa hiyo viatu vilikuwapo, na mjomba wako hakuvileta. Hilo nimelishika. Mengine yote yananiponyoka, lakini hilo nimelishika, nawe ulishike.

Nilirudi kwa shangazi nikamwambia kwamba sasa naona njia. Nitaiandika sura ya tisa mara ya tatu, kama ilivyokuwa hasa: uji, mwaka mzima, hodi, cherehani isiyo na kitambaa. Nilikwisha kuiona. Nakiri ilikuwa inawaka kichwani mwangu, sura bora kuliko zote nilizowahi kuandika. Nilimweleza kwa furaha, kama mjinga.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Hapana."

"Lakini shangazi, ndiyo ukweli."

"Ndiyo maana. Kitabu ni cha watu. Hili ni la mwanangu. Mwandikie yeye."

"Mwambie wewe kwa simu."

"Nimeshajaribu. Ananiuliza presha, namjibu presha. Ananiuliza nimekula, namjibu nimekula. Nikivuta pumzi niseme, anasema, haya mama, lala salama. Wewe ndiye uliyezoea kuandika mambo yangu. Andika na hili, kisha usiandike tena."

Nimetii. Nimechapa kitabu na sura ya tisa ya zamani, mkokoteni na kila kitu. Mvua tu ndiyo nimeitoa. Kalamu Nyekundu amenuna. Anasema nimepewa almasi nikaitupa chooni, na mimi siwezi kumweleza kwa nini. Sijui kama nimefanya sawa. Mchana naona nimefanya vema, jioni naona nimeharibu kitabu na nimeharibu amani yako pia. Mwandishi wa vitabu vitano, na sijui hata barua moja ielekee wapi.

Labda utakasirika. Ukikasirika, anza na mimi niliye mbali na mkono wako, ili ukimfikia yeye uwe umepungua makali. Labda utasema mama yako alikuwa na haki ya kutofungua. Nami nasema hivyo siku nyingine. Alikuwa kijana kuliko tulivyo sisi sasa, ana mtoto mmoja na cherehani ya mkopo, na mtu aliyemwacha anasimama nje akitarajia mlango. Sijui ningefanya nini. Wewe unajua?

Kuna jambo la mwisho alilonituma. Anasema macho yakishapona, na ukipata likizo, angependa mwende wote wawili alikozikwa baba yako. Anasema njia anaijua. Nikastaajabu, maana nilijua hakuwahi kukanyaga kule. Akasema huenda kila mwaka, toka ulipokuwa sekondari. Zile safari zake za kwenda kununua vitambaa vya jumla, binamu, ambazo tulikuwa tunamcheka kwamba anarudi mikono mitupu.

Nisalimie sana wifi, mwambie kitenge chake nimekipata na rangi ndiyo ile ile. Wabusu watoto, na huyo mrefu mwenzako mwambie ainame kwanza. Baba mdogo na mama mdogo wanakusalimu, bado wanabishana. Jirani wa uzi naye anasema usimsahau. Mama yako hakusema nikupe salamu. Alisema tu nikuulize kama unakula.

Mungu akulinde juu ya ngazi zako na nyaya zako, akupe moyo mpana kuliko huu wangu uliojaa maboksi.

Ni mimi, dada yako asiyejua la kusema na amelisema,
akupendaye siku zote,

Binamu wa Vitabu